Je, Ajuaye Ana Haki ya Kumwamuru Asiyejua?

Katika vyuo vikuu vya nchi yetu siku hizi yafundishwa masomo mawili ambayo majina yake ni mazito mdomoni, nayo ni parasitolojia na bioteknolojia. La kwanza ni elimu ya vimelea, yaani viumbe vidogo viishivyo ndani ya mwili wa kiumbe kingine na kula jasho lake bila kumlipa. La pili ni elimu ya kuutumia uhai wenyewe kama fundi atumiavyo chombo: kuusoma urithi uliofichwa katika miili ya viumbe, kuutenga, hata kuugeuza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, hufundisha masomo yote mawili; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha bioteknolojia; na Muhimbili huwafundisha madaktari habari za vimelea na za wadudu wavienezao. Mtoto wa Kasulu au wa Kibondo akifaulu vizuri aweza kuketi humo pamoja na wenzake wa mikoa mingine.

Wazazi wengi huuliza, masomo hayo yatampatia mtoto wetu kazi gani? Swali hilo ni la haki, kwani ada hailipwi kwa maneno matupu. Lakini leo twapenda kuuliza jambo lingine, ambalo kwa maoni yetu latangulia hilo la kazi. Mtu akiisha kujua jambo la uhai na mauti ambalo jirani yake halijui, kujua huko kwampa nini juu ya jirani huyo? Je, kwampa haki ya kumwamuru, au kwamtwika deni?

Msomaji asidhani ya kuwa swali hili ni la watu wakaao na vitabu tu. Kwetu katika nyanda za juu za Kigoma liliwahi kuingia mlangoni na kuwatoa watu nyumbani mwao.

Katika misitu ya miombo iliyo upande wa mashariki wa Buha, kuelekea Moyowosi, huishi mbung'o, ambaye watu wengi wa bara humwita ndorobo. Yeye hunyonya damu, dume na jike sawasawa. Akimnyonya mnyama au mtu mwenye kimelea kiitwacho tripanosoma, kimelea hicho hukua ndani ya mdudu, na siku zake zikitimia mdudu humwambukiza amwumaye. Ndio ugonjwa wa malale. Malale ya nchi zetu za mashariki hayaendi polepole kama yale ya Kongo. Huanza kwa homa, na kichwa na viungo kuuma. Kimelea kikiisha kuingia katika ubongo, mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukesha usiku. Na asipotibiwa hufa, mara nyingi kabla ya mwaka kwisha. Walio hatarini zaidi ni wale wanaoingia porini kutafuta riziki, yaani warina asali, wawindaji na wakata miti.

Basi, kuanzia mwaka 1933, serikali ya Kiingereza iliwaamuru watu wengi wa Buha, waliokuwa wametawanyika karibu na pori, wahame na kukusanyika katika makazi makubwa. Hoja ya wataalamu ilikuwa hii: ndorobo wa miombo hupenda kivuli cha miti na damu ya wanyama wa porini, watu wengi wakikaa pamoja na kulima pamoja, miti hukatwa, wanyama hukimbia, na ndorobo hukosa maskani. Tena daktari aweza kuwapima watu wote mahali pamoja, na kumpata mgonjwa mapema. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, wala haifai kuidharau.

Lakini tutazame na upande wa pili. Mtu aliyehamishwa aliacha migomba yake, nayo migomba haibebwi kichwani. Aliacha makaburi ya babu zake, na mizinga yake ya nyuki juu ya miti. Aliacha mashamba aliyokuwa ameyapumzisha ili ayarudie miaka ya mbele, kama ilivyo akili ya mkulima wa nchi isiyo na mbolea. Tena nchi iliyoachwa bila watu ilirudi kuwa pori, na pori likirudi ndorobo hustawi. Hivi kwamba amri iliyowakinga watu mahali pamoja ilimpa adui nafasi mahali pengine. Hayo yote mwenyeji angeweza kuyasema kama angaliulizwa.

Wala tusidhani kwamba ni ugeni wa wakoloni peke yake uliofanya hivyo. Mwaka 1972 serikali yetu wenyewe iliwahamisha watu wa mkoa huu katika Operesheni Kigoma, safari hii kwa ajili ya vijiji vya ujamaa. Sababu ilikuwa nyingine, nia ilikuwa nyingine, lakini njia ilifanana: wanaojua wamekata shauri, wasiojua wafunge mizigo.

Wako watu waheshimiwa wanaoitetea njia hii, na maneno yao si ya kipuuzi. Husema, mtoto akikimbilia moto, baba hamwulizi kama ataka kuvutwa. Humvuta kwanza, akamweleza baadaye. Na ugonjwa ni moto. Katika Uganda, tangu mwaka 1900 mpaka 1920, malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa Victoria. Je, mtawala aitishe baraza na kusubiri kila mzee amalize kusema, huku watu wanakufa? Asiyejua hatari ya jambo, je, shauri lake lina uzito gani?

Sisi twakubali nusu ya hoja hiyo. Iko saa ambapo hakuna nafasi ya maelezo, nasi tungemlaumu daktari aliyengoja. Lakini mfano wa mtoto na moto una kasoro. Kumvuta mtoto ni tendo la dakika moja. Kuhamishwa ni jambo la miaka. Aliyepata nafasi ya kuwahamisha watu kwa miaka kumi hawezi kusema alikosa nafasi ya kuwaeleza. Tena mtu mzima si mtoto. Yeye ana watoto wake wa kuwalisha, na aijua nchi yake kwa miguu.

Iko na kasoro kubwa zaidi, ambayo ni kwamba ajuaye mara nyingi hajui kiasi adhanicho. Mwaka 1906 Robert Koch, mtaalamu wa Ujerumani aliyekuwa na sifa duniani kote, alifika visiwa vya Ssese katika ziwa Victoria akawatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni wengi walionekana kupata nafuu. Kisha ugonjwa ukawarudia, naye akaongeza kipimo cha dawa. Na baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho wasione tena. Koch hakuwa mtu mwovu wala mjinga. Alijua kuliko wote waliokuwapo, na bado ujuzi wake haukutosha. Basi, ikiwa aliye mkubwa wa wajuzi aweza kukosa hivyo, yampasa kila ajuaye kunena kwa unyenyekevu, na kumwambia mgonjwa: hili nalijua, hili nalidhani, na hili bado latafutwa.

Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo twaweza kuiita somo la kwanza la parasitolojia. Mtaalamu amjua kunguni kwa umbo lake, na miguu yake amekwisha kuihesabu chini ya hadubini. Lakini ni mlalaji anayejua ni saa ngapi hutoka, na katika ufa gani. Mrina asali wa Kibondo ajua ni mabonde gani yenye ndorobo wengi wakati wa kiangazi, na kwa nini hana budi kupita huko ingawa anaumwa. Mtaalamu asiyemwuliza ana nusu ya elimu, na kwa nusu hiyo ataka kutoa amri nzima.

Sasa twasogea mpaka nchi ya jirani zetu wa Shinyanga, ambako swali letu laonekana wazi kupita kote. Tripanosoma ziko za namna nyingi. Mojawapo hukaa katika ng'ombe na wanyama wa porini nayo haimdhuru mtu, nyingine humwua. Na hizi mbili, ukizitazama katika hadubini, hufanana kama mapacha, huwezi kuzitofautisha. Wataalamu walitaka kujua: je, kimelea kimwuacho mtu, kikikaa miaka mingi katika kondoo na swala tu, hupoteza ukali wake kwa mtu? Katika maabara ya Tinde, tangu miaka ya 1930, walikitunza kimelea kimoja katika wanyama kwa muda wa miaka 18, wakikipitisha kwa ndorobo kutoka mnyama hata mnyama. Na ili wajue kama bado chaweza kumwambukiza mtu, mara kwa mara walimtafuta Mwafrika, wakamwachia ndorobo wamwume. Waliougua walitibiwa kwa dawa.

Watu hao waliandikwa katika vitabu kuwa wamejitolea. Neno hilo ni zuri, lakini lina uzito pale tu mtu alipoelezwa ni kitu gani anakitoa, na pale alipokuwa huru kusema hapana bila kuogopa bwana wala mtawala. Mtu asipoelezwa, hakujitolea, ametolewa. Na katika nchi iliyotawaliwa, ambamo mwenye sindano na mwenye bunduki walikula meza moja, ni vigumu sana kuuona uhuru huo. Si ajabu basi kwamba katika nchi nyingi za Afrika Mashariki zilienea hadithi za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao usiku. Hadithi hizo si za kweli, nazo zimeleta madhara. Lakini uvumi hukaa katika nyumba ambayo maelezo hayakuingia.

Hapa ndipo bioteknolojia yastahili sifa. Mwaka 1998 wataalamu walionyesha kwamba kimelea kimwuacho mtu kina jeni moja, yaani kifungu kimoja cha maandishi ya urithi, kinachokiwezesha kuishi katika damu ya mtu, ambayo kwa kawaida huwaua wenzake. Jeni hiyo huitwa SRA. Basi leo mwanafunzi aweza kuchukua tone la damu ya ng'ombe, akaitafuta jeni hiyo katika maabara, akajua kama mnyama huyo amebeba malale ya watu. Jambo ambalo Tinde lilihitaji mwili wa mwanadamu, leo lahitaji tone la damu ya ng'ombe na chombo kinachokaa juu ya meza. Kama mtu akiuliza faida ya somo hili, tutamjibu kwa mfano huo kwanza: elimu iliyoendelea yaweza kumpunguzia mwanadamu mzigo wa kuwa chombo cha mwenziwe.

Je, ina maana swali letu limekwisha? La, limebadili vazi tu, kama tripanosoma yenyewe inavyobadili vazi lake la nje ndani ya damu ili askari wa mwili wasiitambue.

Tutazame kisiwa cha Unguja. Huko, kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o walimalizwa kabisa kwa njia ya ajabu. Walifugwa kwa wingi Tanga, madume yao yakapigwa mionzi ili yawe tasa, kisha yakadondoshwa kwa ndege juu ya kisiwa. Kwa kuwa jike la mbung'o kwa kawaida hukutana na dume mara moja tu maishani, likikutana na tasa halizai. Madume zaidi ya 8,000,000 yaliachiliwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba kisiwa ni huru. Mifugo ilipona nagana, na maziwa yakaongezeka. Ni kazi njema kabisa. Lakini hebu mfikirie mkulima aonaye ndege ikipita na kumwaga juu ya shamba lake wadudu wale wale aliofundishwa kuwachukia. Asipoelezwa habari ya utasa, atafikiri nini? Jambo lile lile, likielezwa ni msaada. Lisipoelezwa lafanana na uadui.

Na leo, Bagamoyo, wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wanachunguza, ndani ya nyumba iliyofungwa barabara, mbu waliogeuzwa urithi wao ili wasieneze vimelea vya malaria. Tumaini ni kwamba siku moja mbu wa namna hiyo wataweza kuwarithisha uzao wao sifa hiyo mpaka ienee. Twawaombea mafanikio, kwani hakuna kijiji cha Kasulu ambacho hakijazika mtoto kwa malaria. Walakini mbu hajui mpaka wa shamba. Sindano hudungwa mtu mmoja, naye aweza kuikataa. Mbu akiachiwa ameachiwa wote, aliyekubali na aliyekataa. Kwa hiyo hapa haitoshi kumwuliza mtu mmoja mmoja. Wapaswa kuulizwa watu wa nchi, kwa baraza, kwa lugha yao, kabla ya jambo na si baada yake.

Hapo tutaambiwa: mambo haya ni magumu, mwanakijiji hawezi kuyafahamu, asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii tunaijua, nasi twaiheshimu mahali pake. Lakini tukiifanya sheria ya elimu, itakuwa kamba ya kuwafunga watu, kwa sababu asiyejua hataambiwa, na kwa kuwa hakuambiwa hatajua, kisha kutojua kwake kutakuwa ndiyo sababu ya kumwamuru maisha yake yote. Msomaji, wewe umesoma ukurasa huu mpaka hapa. Umefahamu habari ya jeni, na ya dume tasa, na ya mapacha wawili wa hadubini. Hukuhitaji kwenda Morogoro ili uyafahamu, ulihitaji mtu wa kukueleza kwa Kiswahili.

Na hilo ndilo upungufu wa vyuo vyetu. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na kijana akirudi likizo hawezi kumwambia mama yake ni nini asomacho. Si kwamba mama ni mjinga. Ni kwamba mwana hakupewa maneno. Mwanafunzi wa namna hii akitumwa kijijini kuchukua damu, atachukua kimya kimya na kuondoka kimya kimya, na waliompa damu hawatasikia kamwe alichokiona ndani yake. Hatusemi kwamba ni mwizi. Lakini mtu akopaye jembe hulirudisha, hata kama amelitumia kwa kazi njema.

Tena maelezo si heshima tupu ya kupamba dawa, mara nyingi ni sehemu ya dawa yenyewe. Zamani malale yaliyofika ubongoni yalitibiwa kwa sindano za melasoproli, dawa ya aseniki, ambayo yenyewe iliwaua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba malale ya mashariki yatibiwe kwa vidonge vya feksinidazoli, baada ya dawa hiyo kujaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Humezwa kwa siku kumi, na sharti mgonjwa ale chakula, kwani bila chakula dawa haiingii mwilini ipasavyo. Basi mgonjwa aliyeamriwa tu "meza!" aweza kumeza na tumbo tupu, kazi ya miaka mingi ya wataalamu ikapotea kwa kukosa sentensi moja.

Sasa twajibu swali letu. Kujua hakumpi mtu haki ya kumwamuru mwenziwe. Kwamtwika deni la kumweleza. Ikiwa hatari ni ya saa hii, na itawaangukia wengine wasio na hatia, amri yaweza kuruhusiwa, lakini iwe fupi, ielezwe mara tu nafasi ipatikanapo, na hasara ya aliyeamriwa ilipwe. Amri isiyotimiza hayo, hata ikiwa na elimu nyuma yake, ni nguvu tu iliyovaa koti jeupe.

Asiyejua naye ana deni lake, wala tusimfiche hilo. Yampasa asikilize, aulize bila haya, na asikimbilie neno la mumiani kila aonapo chupa ya damu. Akikataa, akatae kwa sababu, baada ya kusikia. Mtu anayeziba masikio hawezi kulalamika kwamba hakuelezwa.

Kwa neema, malale yamepungua sana. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wanaoandikwa kwa mwaka duniani kote hawafiki 1,000. Lakini ndorobo wangali katika miombo, na warina asali wangali wakiingia humo. Kwa hiyo twawaambia wazazi wa Kasulu na Kibondo: mtoto akitaka masomo haya, msimzuie. Nchi iliyohamishwa mara mbili kwa amri za wajuzi yahitaji wajuzi waliozaliwa humo, wanaojua kitanda na kunguni wake pia. Na siku arudipo likizo, mkeketisheni barazani, mwambieni aeleze kwa Kiswahili, au kwa Kiha, alichojifunza. Akishindwa, mrudisheni kwa walimu wake na swali hilo hilo.